Nyasi Nilizotandaza kwa Mkono Wangu

Daktari aliyenipasua alinikataza kushika jembe kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimetolewa uvimbe kwenye kizazi, mshono bado unavuta nikikohoa, na masika ndiyo kwanza yameisha. Nyuma ya nyumba yetu, huku Mbagala ya ndani, ndago zilikuwa zimeshaanza kuchomoza katikati ya matuta yangu ya mboga. Asiyelima haijui ndago. Ni jani jembamba, la kijani kizuri hata, ukilivuta linakatika mkononi bila ubishi, nawe unadhani umemaliza. Kumbe chini limeacha vijitunguu vyeusi vimefungana kama tasbihi, na kila kimoja ni mmea wa kesho.

Mie ni fundi cherehani. Bustani ile aliianza marehemu baba yetu wakati mtaa huu bado una minazi mingi kuliko nyumba, na alipofariki nikaichukua bila kuambiwa. Matuta yalikuwa sita: mawili ya matembele, moja la mchicha, moja la bamia, mawili ya nyanya. Asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani nilikuwa nachuma, nafunga mafungu, na majirani wanakuja kuchukua mlangoni. Hakikuwa kitu kikubwa. Lakini watu wa mtaani walikuwa wakisema mboga zangu hazina mchanga wala dawa, na neno lile nililipenda kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa kwa kushona.

Naishi na mama yetu, ambaye magoti yake hayamruhusu kuinuka kwenye mkeka bila mtu wa kumshika mkono. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa amepanga chumba na mumewe nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe anaendesha lori la saruji. Anapakia kiwandani Wazo, anapeleka bara, na wiki inaweza kwisha hajaonekana. Kwa hiyo mchana kutwa mdogo wangu alikuwa kwetu, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Ya pili ilifika miezi saba, akajifungua mtoto ambaye alishakufa tumboni. Tulimwosha mie na mama. Nilikuwa sijapata kuona kucha ndogo namna ile.

Ndiyo maana ile ya tatu hakuna aliyeifurahia kwa sauti. Hatukununua nguo, hatukutaja jina, hata mama alikuwa akisema "ile hali yako" badala ya kusema mimba. Kliniki walimwambia damu yake iko chini, wakampa vidonge, wakamsisitizia ale mboga za majani kila siku. Nilimwambia mdogo wangu hilo la mboga aniachie mie. Ndani ya moyo niliona nimepewa kazi ya kumlinda, na kwamba safari hii nisingekuwa mtu wa kusubiri nje ya mlango tu.

Sasa ndago zilikuwa zinakuja na mie siwezi kuinama.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayelima mboga bondeni, alikuja kuchukua gauni lake akanikuta nimesimama mlango wa uani nimejishika tumbo, natazama matuta. Akaniambia nisilime, nifunike. Alinieleza palepale, gauni mkononi: kwanza ung'oe yale makubwa tu, umwagilie udongo mpaka ulowe, utandike maboksi yaliyofunuliwa, kingo zake zipandane kama vigae, kisha juu yake utandaze nyasi kavu, unene wa kiganja. Karibu na shina uache nafasi, lisije likaoza. Jua lisipofika chini, magugu yanakufa yenyewe, na maji yanakaa ardhini hata usipomwagilia siku mbili. Ndago itajaribu kutoboa boksi, alisema, maana ina ncha kama sindano. Hiyo ing'oe ikichungulia, mwishowe itachoka.

Maboksi nilipewa na mzee wa duka la pale kona. Ni mzee wa Kiarabu, ukoo wao umekuwa na duka mtaani tangu babu yake, na mke wake alikuwa mteja wangu wa bamia. Nyasi ndizo zilizonisumbua. Majani mabichi ya barabarani yamejaa mbegu. Ukiyatandaza umejipandia magugu mapya. Nilitafuta siku kadhaa. Ndipo nikaliona lile eneo lenye ukuta, njia ya kuelekea kituoni, ambalo mwenyewe hakai hapa. Geti lilikuwa wazi. Ndani, nyasi ndefu zilikuwa zimekauka zote, manjano tupu, zimekatwa na kurundikwa kando.

Mlinzi wa pale alikuwa mtu mzima kiasi, lafudhi yake ya bara. Nilimwamkia, nikamuuliza kama zile nyasi zina kazi. Akacheka, akasema kazi yake ni kumsumbua yeye, maana amepewa siku nne awe ameziondoa, na nikitaka nichukue zote. Nilishukuru kama mtu aliyeokota. Sikuuliza kingine. Nilikodi guta la matairi matatu, kijana wake akapakia safari mbili, na jioni ile nilikaa kwenye kigoda, nikitandaza konzi kwa konzi, bila kuinama, mgongo umenyooka kama daktari alivyotaka. Nakumbuka nilizinusa. Zilikuwa na harufu ya nyasi kavu na kitu kingine chembamba kwa mbali, kama rangi ya mlango. Nikasema moyoni ni rangi ya guta.

Wiki mbili zile nilikuwa na raha sana. Matuta yalikaa kama yametandikwa mikeka mipya. Ndago zilitoboa hapa na pale, nikazichomoa kwa vidole viwili. Majirani walikuja kutazama, nami nikawaeleza kama mwalimu. Mama aliketishwa kwenye kiti uani akasema baba yetu angeona angetucheka kwa miaka yote aliyokuwa akipalilia. Matembele nilichuma siku moja baada ya nyingine, nikayapeleka kwa mdogo wangu yakiwa bado na umande, na nilikuwa nakaa pale nihakikishe amemaliza sahani.

Wiki ya tatu nyanya zikaanza kujikunja.

Mwanzoni ilikuwa ncha tu. Majani machanga yalitoka membamba, yamejisokota kama uzi ulioshikana kwenye cherehani. Nikadhani ni wale wadudu weupe wa chini ya majani. Nikanyunyizia maji ya majivu. Siku tatu baadaye bamia nazo zikapinda shingo, majani yake yamekunjika kama vikombe. Mchicha ulisimama pale ulipofika, haukui wala haufi. Nilitazama chini ya majani, sikuona mdudu. Nilichimba kidogo pembeni, mizizi myeupe, mizima. Kitu kilichonishangaza ni kwamba ndago peke yake, zile chache zilizotoboa, zilikuwa zimenyooka.

Sikusema na mtu. Nilijiambia ni kiangazi. Na matembele hayakuonyesha kitu, kwa hiyo niliendelea kuyachuma.

Siku niliyojua ukweli nilikuwa nimeenda kuomba nyasi nyingine. Lile rundo lilikuwa limekwisha, lakini mlinzi alikuwepo, na safari hii jua lilikuwa kali nikaweza kuuona ule uwanja vizuri. Nyasi zilikuwa zimekauka kwa mstari. Upande wa ukuta, ambako hazikukatwa, manjano ilikuwa inaishia mahali pamoja kama imepimwa kwa rula, na ng'ambo ya mstari ule majani yalikuwa ya kijani, mabichi kabisa, yanapepea. Jua haliunguzi kwa mstari.

Nikamuuliza zile nyasi zilikaukaje.

"Si tulipiga dawa," alisema. "Wewe ulidhani jua?"

Alinionyesha bomba la kupulizia limeegemezwa kibandani kwake. Akaniambia walikuja vijana wawili na mwenye eneo, wakachanganya dawa mbili, moja ya kukausha nyasi na nyingine ya vile vichaka vyenye majani mapana, na alipoona uso wangu akaniuliza kwani nilikuwa na ng'ombe. Nikamwambia sina ng'ombe. Sikuweza kumwambia kitu gani ninacho.

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano. Sijui nilipita wapi. Nilikuwa nahesabu. Siku moja baada ya nyingine, kwa wiki tatu na ushei: sahani kumi, kumi na moja. Nilizihesabu sahani zile mara nyingi na kila mara nilitaka zipungue.

Nilipoingia uani, mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mbele yake sahani ya ugali na matembele ya nazi. Mama alikuwa kando anachambua mchele. Nilichukua ile sahani kutoka mbele yake. Alinitazama, tonge lingali shavuni. Nikasema yana mchanga, hayakuoshwa vizuri. Nikaenda nayo nyuma, nikaimwaga shimoni, nikasimama pale nimeishika tupu. Nyuma yangu nilimsikia akimuuliza mama mie nina nini leo, na mama akimjibu kuwa ni maumivu ya mshono, mwache.

Huo ndio uongo niliousema na sikuufuta siku ile. Nilijiambia nitauliza kwanza, nisimtie hofu mtu mwenye mimba bila kujua. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa macho yake. Alikuwa amekwisha kunitazama mara mbili katika maisha yetu kwa namna ya mtu aliyepoteza kila kitu, na mara zote mbili hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Kesho yake asubuhi alikuja mapema kuliko kawaida. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kanga kajifunga kifuani, hakuvua hata viatu.

"Dada," alisema, "mtoto hajacheza tangu jana jioni."

Nilisimamisha cherehani kwa mkono, sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Aliendelea kueleza kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko kilio: kwamba amekunywa maji baridi, amelala ubavu wa kushoto kama walivyomfundisha, amebonyeza tumbo, na hakuna kitu. Yule wa pili alianza hivihivi, alisema. Mama akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Nilichukua mkoba, nikafunga mlango wa kibanda changu cha kushonea, gauni la mtu likiwa bado chini ya sindano, tukapanda bajaji.

Kwenye bajaji nilimshika mkono na sikusema. Pale kliniki kulikuwa na foleni ndefu, akina mama kwenye mabenchi na kadi zao. Nilikwenda moja kwa moja kwa nesi aliyekuwa mlangoni, mwanamke mfupi, mtu mzima. Nikamwambia mdogo wangu ana miezi saba na mtoto hachezi na ameshapoteza wawili. Akatuingiza palepale. Akamlaza kitandani, akampaka dawa ya utelezi tumboni, akashika kile kifaa cha kusikilizia.

Hapo ndipo niliposema. Sikuwa nimepanga. Mdogo wangu alikuwa amelala anatazama dari, nesi anatafuta, hakuna sauti isipokuwa mikwaruzo, na mdomo wangu ukafunguka. Nilimwambia nesi kwamba kwa wiki tatu huyu amekuwa akila mboga zilizofunikwa na nyasi zilizopigwa dawa ya kuua magugu. Nikasema nyasi nilizileta mie. Nikasema sikujua, nimejua jana.

Nesi hakuacha kutafuta. Mdogo wangu aligeuza shingo taratibu akanitazama.

"Jana," alisema. "Ule mchanga."

Nikaitika kwa kichwa. Akarudisha macho darini.

Sijui ulipita muda gani. Nesi alihamisha kifaa upande wa kulia, akashuka chini ya kitovu, akapandisha tena. Nilikuwa natazama uso wake maana sikuthubutu kutazama pengine. Nilikwishaona uso wa nesi ukijifunga kabla hajatoa habari mbaya, miaka miwili nyuma, na nilikuwa nausubiri ujifunge. Kisha ikaja, mbali na haraka, kama farasi anayekimbia kwenye mchanga. Nesi akasema, "Moyo huu hapa." Akatuacha tuusikilize. Mdogo wangu alijifunika macho kwa kiganja, machozi yakapita katikati ya vidole, na mie nikakaa chini sakafuni.

Daktari aliyekuja baadaye alikuwa kijana, makini. Alisema moyo unakwenda vizuri, pengine mtoto amegeuka tu au amelala, lakini wangemweka mdogo wangu pale mpaka kesho. Kuhusu ile dawa, akasema hawezi kusema chochote bila kujua ni ipi. Akanitaka nikalete chupa yake.

Nilirudi kwenye lile eneo nikiwa peke yangu. Mlinzi wa siku ile alikuwa mwingine, hakunijua. Nilimweleza kwa kifupi, akanionyesha shimo la taka nyuma ya kibanda. Nilishuka kwa magoti, mshono ukivuta, nikapekua mifuko na makopo kwa kijiti. Nilizipata chupa mbili. Moja ilikuwa na karatasi kamili. Ya pili karatasi yake ilikuwa imechanika nusu, lakini jina la dawa lilisomeka, na chini yake mchoro wa mtu aliyevaa glavu na barakoa. Nilizifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki. Njia nzima nilizibeba kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili wangu, na watu walinipisha.

Kabla ya kurudi kliniki nilipita kwa bwana shamba wa kata. Nilimkuta ofisini anataka kufunga. Alivaa miwani, akasoma karatasi zote mbili polepole, akaniuliza mazao gani yamejikunja na yapi hayajajikunja. Nilipotaja kuwa ndago hazikudhurika, akaitika kwa kichwa. Alisema ile ya kwanza si tatizo kubwa kwenye matuta yangu. Ya pili ndiyo. Inaua mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, na inaweza kubaki ndani ya nyasi zilizokauka kwa miezi, ikateremka na maji kila ukimwagilia. Nyanya ni ya kwanza kulia, alisema, kwa sababu ni laini. Matembele huvumilia zaidi, ndiyo maana hayakunionyesha kitu.

Nilimuuliza kuhusu mtu aliyeyala. Alivua miwani.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Kilichopita kwenye udongo mpaka kwenye jani ni kidogo sana. Nadhani hakitamdhuru. Lakini nadhani, sijui. Asile tena."

Nimeyabeba maneno yale hadi leo. Kama angeniambia hakuna shida kabisa nisingemwamini, na kama angeniambia kuna shida nisingeweza kutembea kurudi. Daktari naye, baada ya kusoma zile karatasi na kupiga simu kwa mwenzake, alisema hivyohivyo kwa maneno mengine. Tusubiri. Aje kliniki kila wiki badala ya kila mwezi.

Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba. Zilikuwa saba. Hakuna aliyenilazimisha, na mama mwenyewe alinishauri ninyamaze, niache tu kuuza, watu watasahau. Alisema mtaa ukishakuita mwenye sumu hauachi. Alikuwa anasema kweli. Lakini nilikuwa nimemwaga sahani ya mdogo wangu kwa uongo na nikaona uongo ule ulivyozaa asubuhi yake. Nikaenda. Kila mlango nilieleza maneno yaleyale: nyasi, dawa, sikujua, msile, mlichobaki nacho mkitupe, na mtoto au mgonjwa akiwa na shida yoyote mniambie. Jirani wa karibu aliniambia pole, akafunga mlango taratibu. Mwingine alimwita mwanawe wa miaka minne pale pale, akamfungua mdomo, akamtazama ulimi, mbele yangu.

Kwa mzee wa duka ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kaunta. Aliniambia mke wake alitapika juzi usiku, na walidhani ni samaki. Akaniuliza kama ni ile bamia. Nilimwambia sijui. Hakunitukana. Alisema amefurahi nimekuja mwenyewe, na akasema pia nisimpelekee mboga tena, kwa vyovyote, hata kama nitaambiwa ardhi imepona. Mke wake alikuwa mzima baada ya siku mbili, nadhani kweli ilikuwa samaki. Lakini kila nikipita pale najitazama miguu.

Nyasi zile nilizitoa kwa siku mbili, nikiwa nimevaa glavu na kukaa kwenye kigoda kilekile. Bwana shamba alinikataza kuzichoma na kunikataza kumpa mtu yeyote. Nilizijaza kwenye viroba, vikakaa kona ya uani, vimefunikwa turubai, na kila aliyekuja alivikwepa. Maboksi nayo niliyatoa. Nyanya na bamia niling'oa. Matuta yalibaki uchi, na ndani ya wiki moja ndago zikarudi zote, kijani, zimejaa furaha. Nilizitazama tu.

Bwana shamba alinifundisha kupima udongo kwa kunde. Unajaza kopo udongo wa tuta, unapanda kunde tatu, na kopo la pili unajaza udongo wa mahali safi. Ukiona majani ya kwanza yanatoka bapa pande zote mbili, umesalimika. Nilipanga makopo kwenye dirisha la kibanda. Ya udongo safi yalitoka vizuri. Ya matuta yangu yalitoka yamekunjika. Baada ya mwezi nikarudia, yakakunjika tena, ingawa safari hii kidogo zaidi ya nusu yake tu. Kila asubuhi nilikuwa nayatazama kabla ya kutazama kitu kingine, halafu nakwenda kumuuliza mdogo wangu kama mtoto amecheza. Alikuwa akijibu ndiyo au bado, hakuongeza neno. Hakuniambia kuwa amenisamehe na hakuniambia kuwa hajanisamehe. Alikuwa akila kwetu, akilala kitandani kwangu mchana, akiniachia nimkande miguu iliyovimba. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuosha mwenyewe kila alichokula, na kabla ya kula alikitazama.

Alijifungua wiki mbili kabla ya siku aliyotajiwa, alasiri, mumewe akiwa njiani kurudi kutoka bara. Mie ndiye niliyekuwa nje ya mlango. Nilisikia kilio cha mtoto na sikuinuka, nilisubiri nikisikie mara ya pili. Waliponiruhusu kuingia nilimfunua kitenge mtoto yule wa kike, nikahesabu vidole vya mikono na vya miguu, nikamtazama masikio, kaakaa, mgongo. Nesi aliniuliza natafuta nini. Mdogo wangu, amelala pale amechoka, akamwambia aniache nitafute.

Alikuwa mzima. Sasa ana miaka miwili, anakimbia, ana maneno mengi. Ila siku akipata homa, homa ya kawaida kama ya watoto wote, mie hukaa na moyo mkononi mpaka ishuke, na najua ninachokiwaza. Hakuna daktari wa kuniambia niache kuwaza.

Bustani ipo. Udongo ulipona, kunde zikatoka bapa, na nilifunika tena kwa sababu jembe sikuliweza vizuri tena. Kwanza nilifikiria maranda ya mafundi seremala wa Keko, nikaenda hadi pale, nikauliza mbao zinatoka wapi, zimepakwa nini, dawa ya mchwa wanaipaka lini, mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nilirudi mikono mitupu. Siku hizi natandaza majani ya mgomba wetu, makuti ya mnazi wa uani, na nyasi ninazokata mwenyewe kando ya kiambaza cha chumba cha mama zikiwa mbichi, kabla hazijatoa mbegu, nikazianika juu ya bati. Hazitoshi kamwe. Tuta moja linafunikwa, jingine linasubiri.

Wateja watatu walirudi. Mdogo wangu akija kula na mwanawe, mboga za bustani hapiki na mie simwandalii. Natoka naenda gengeni, nanunua fungu la mchicha wa mtu nisiyemjua, nalileta, naliosha maji matatu. Naye analila, na mtoto analishwa. Nami nakaa pale nawatazama, maana mchicha ule sijui umetandaziwa nini.